Herufi Yenye Mkia

Kwenye simu yangu jina lilikaa vizuri: Oŋwec.
Kwenye kompyuta ya ushirika wa ufuta, pale Layibi,
ilitokea O, kisha kisanduku, kisha wec.
Kisanduku kitupu, kingo nne nyembamba,
kaburi lililochimbwa kabla ya msiba.

Mzee Oŋwec Alipayo hakuuliza habari za fonti.
Aliuliza: “Nani kanitoa tumbo?”
Mama yake alimzaa kando ya njia, akikimbia,
na ŋwec ni mbio.
Ukiing'oa herufi ile yenye mkia
mama hajakimbia popote,
amesimama tu,
na kilichokuwa kinamfukuza kinakaribia.

Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi.
Kiswahili nilikiokota kwenye foleni ya posho,
lugha inayowafanya watu Kampala wafunge vioo vya gari.
Nayo ina kidonda chake: ng'ombe, ng'ambo, ng'oa.
Ritifaa ndogo, punje ya mtama hewani,
ambayo kivinjari kibovu huitapika
ikiwa vijidudu vitatu mahali pa kimoja.
Kwa hiyo nilimwelewa mzee.

Nikaketi na vivinjari vitano.
Cha kwanza kilikubali kila kitu, kama mpwa anayetaka nauli.
Cha pili kilikuwa na ŋ, lakini ya kuazima,
ndefu kuliko wenzake, imevaa koti la kaka,
O na w zikajisogeza kando kwa aibu.
Cha tatu, nilipotaka wino mzito,
kiliipaka herufi mara mbili mpaka mkia ukaziba.
Cha nne, kile cha simu ndogo kinachobana data,
kiliizuia fonti yangu mlangoni:
kilobaiti mia mbili na kumi, nani atakulipia?
Cha tano ni kile cha Layibi.
Hakijasasishwa tangu mhasibu aliyekiweka ahamie Lira.

Usiku umeme wa Gulu ukaenda zake.
Kwa betri iliyobaki nikaipepeta fonti
kama ufuta kwenye ungo:
nje herufi za Kigiriki, nje alama za muziki,
nje mishale na nyota ambazo hakuna mkulima ataziita.
Nikabakiza alfabeti, tarakimu, ritifaa,
na ŋ, kubwa na ndogo.
Kilobaiti kumi na tisa.
Inapita hata kwenye bando la shilingi mia tano.
Nyuma yake nikapanga fonti za akiba,
na kila moja niliihoji kwanza: una mkia?

Kuna kitu kimoja kilinishinda.
Ukurasa unapofunguka, kwa nusu sekunde,
maneno huja na sura ya akiba,
kisha huruka kidogo fonti halisi inapowasili.
Nimejaribu siku mbili. Bado yanaruka.
Nikajiambia: jina la mbio, liache liruke.

Ijumaa Lamunu, karani, akaigeuza skrini imtazame mzee.
Kidole kikavu, chenye udongo kwenye ukucha,
kikashuka na orodha polepole,
kikampita Odur, kikampita Oŋom, kikafika.
Kikatulia juu ya mkia.
Nikangoja, kama mtu aliyeleta posa.

“Jina ni langu,” akasema.
Kidole kikateleza kulia.
“Kilo si zangu. Mimi nilileta sabini na moja.”