Miguu Nje

Ya kwanza niliiua mwenyewe, kwa maji.
Kikombe alfajiri, kikombe magharibi,
haba na haba, na kibaba kikajaa kweli:
nilipoing'oa mizizi ilikuwa kama tambi za jana,
na harufu yake ikaning'ang'ania vidoleni
hata baada ya kukuna nazi mbili.

Shemhilu, aniuziaye iliki kutoka Amani,
alicheka mpaka akaegemea mizani yake.
"Mama Hatibu, okidi haikuzaliwa shimoni.
Kwetu hukaa juu ya tawi, miguu nje,
ikanywa ukungu, ikajifuta kwa upepo.
Wewe umeizika hai,
kisha ukawa unaimwagilia kaburi."

Alhamisi ya pili akaniletea nyingine,
kaiviringisha gazetini pamoja na gome lake,
tawi lililoangushwa na dhoruba karibu na Muheza.
Majani manne, moja limechanika.
Mizizi mitatu.

Safari hii udongo sikuugusa.
Nilichambua makumbi, nikayaloweka siku tatu;
maji yakatoka mekundu kama chai ya mkandaa,
nikamwaga, nikaloweka tena.
Mkaa nikauvunja vipande kama kete za bao.
Nikaifunga kwa uzi wa mkonge,
mkonge ule ule niliopima mafungu yake
miaka ishirini na miwili ghalani Pongwe
bila kujua kuwa utanifundisha, uzeeni,
kushika kitu pasipo kukibana.

Ngamiani jua halina adabu.
Wiki ya kwanza lilinichomea jani, doa jeusi la pasi.
Nikaihamishia dirisha la mashariki, nyuma ya pazia la kimia.
Kisima cha jirani kina chumvi, bomba lina dawa,
basi hunywa ya mvua, ya kuchirizika batini,
na isiponyesha tunasubiri wote wawili.

Mzizi ukiwa na rangi ya fedha, una kiu.
Ukigeuka kijani, umeshiba.
Haina neno jingine.
Aliyekuwa na maneno mengi ni mimi.

Maana Hatibu yuko Mpanda, anafundisha hesabu,
na mimi nilikuwa nampigia alfajiri: umekula?
Magharibi: umefunga mlango?
"Ndiyo, mama." "Ndiyo, mama."
Sauti laini, imelowa,
ukiibonyeza inabonyea.
Siku moja, kidole kikiwa kwenye mzizi,
nikaisikia.

Sasa nampigia Ijumaa tu.
Ijumaa ya tatu haikufika, akapiga yeye,
akanihadithia jino lililong'olewa,
ugali ulioungua,
na mtu mmoja, Nambela, anayemwonyesha kutwanga kisamvu.
Ulimi wangu ulishaanza: wa wapi? binti wa nani?
Nikaumeza kama kidonge kisicho maji.
Nikasema, "Kisamvu kinataka tui zito."
Akacheka. Tulikuwa hatujacheka tangu Machi.

Miaka miwili haikutoa ua.
Mwanatumu wa chumba cha pili akanishauri niipike:
"Jani ni jani."
Kisha Julai, usiku ulipopoa mpaka nikatafuta kitenge cha pili,
kikachomoza kitu nilichodhani ni mzizi umekosa njia.
Kikapanda juu.
Maua matano meupe, kila moja na mkia mwembamba
kama utambi ulioning'inizwa.

Mwanatumu akainamisha pua. "Haina kitu."
Kweli, mchana haikuwa na kitu.

Umeme ulikatika saa tatu.
Nikiwa natafuta kiberiti, harufu ikaingia chumbani,
si asumini, si kilua, sina la kuifananisha,
nikasimama na njiti mkononi sikuiwasha.
Haikuwa yangu.
Nje ya kimia nondo alikuwa anapapasa, anatafuta tundu.
Nikavuta pazia, kidogo.

Asubuhi nimeamka na kikombe mkononi,
mazoea hayana mgonjwa.
Nimetazama mizizi: kijani.
Maji nimeyanywa mimi.
Leo ni Jumatano.
Si zamu yake, wala si ya simu.