Mrija wa Mshiriki 212

Siku ya kwanza, saa kumi na mbili asubuhi,
Groningen bado giza, baiskeli zimeganda uani,
nakinga kichupa chini ya mrija wako, Wiebrand,
nasubiri matone.
Rangi ya chai iliyosahaulika.
Nabandika lebo: mia mbili na kumi na mbili.
Jina lako halipandi nami maabara.

Daktari Terpstra alikata kichwa cha kongosho,
akakiunganisha kilichobaki na utumbo
kwa uzi mwembamba kama unywele wa kichanga.
Kongosho halishonwi kama nguo.
Ni laini, siagi iliyolala mezani,
na maji yake hayana adabu:
yaliumbwa kumeng'enya nyama,
yakipata upenyo humeng'enya hata ya mwenyewe.
Kuvuja kwa pakacha, tunasema, ni nafuu ya mchukuzi.
Si pakacha hili.

Miaka thelathini na moja ulilinda malango ya mfereji.
"Ukifunga mapema," uliniambia, "mashua inabanwa.
Ukichelewa, jikoni kwa watu kunalowa."
Nikacheka: ndilo swali letu zima.
Mrija hutoa sumu, mrija huingiza vijidudu.
Utoke lini?
Siku ya tatu, au tuuache mpaka wiki ipite?

Kompyuta ikapiga kura.
Wako utoke.
Wa Bi Geeske, chumba cha mkabala, ubaki.
Hakuna aliyechagua, wala daktari, wala mimi,
ingawa moyoni (hili sikuliandika popote)
nilikuwa upande wa kutoa mapema.

Tulitembea korido, hatua arobaini,
mkono umeubana tumboni kama mtu aliyeficha mkate wa wizi.
Kesho yake sitini.
Ukaomba supu ya njegere, ukapewa mtindi,
ukautukana kwa Kifrisia.

Siku ya sita, homa.
Usiku wakakuingiza kwenye mashine ya picha,
na pale, nyuma ya tumbo, dimbwi dogo
kubwa kuliko yai la bata.
Wakapitisha mrija mpya ubavuni.
Geeske asubuhi hiyo alikuwa anafunga viatu,
mwanawe ameshika koti lake.

Nilikaa mbele ya fomu.
Tatizo baada ya upasuaji: ndiyo, hapana.
Kidole kikazubaa.
Mtu mmoja si jibu, najua, nimewafundisha wanafunzi hivyo,
tunahitaji mia nne na themanini.
Lakini huyu mmoja alikuwa wangu.

Uliponiona umefumbua jicho moja tu.
"Umeandika?"
Bado.
"Andika. Lango likivunjika kwenye zamu yangu,
niliandika daftarini lango limevunjika.
Sikuandika upepo."

Nikaandika: ndiyo.

Siku ya kumi na tisa ulivaa suruali yako mwenyewe,
imekupwaya, umeishikilia kwa kamba ya viatu.
Matokeo lini, ukauliza.
Mwaka wa tatu kuanzia sasa, pengine wa nne.
Ukahesabu kimya, ukitazama dirisha.
"Yatumeni kwa posta. Kama mimi sipo,
sanduku la barua litakuwepo."

Mahali fulani, Assen au mbali zaidi,
kuna mtu anayemenya viazi jioni hii,
hana maumivu, hajui kongosho liko upande gani.
Ni yake hii hesabu.
Nachukua kichupa kingine.
Mia mbili na kumi na tatu amelazwa tangu jana,
fundi wa vinanda, anaogopa sindano.