Maziwa Manne

Miaka mitatu nimefua shuka na nguo za watu waliotoka huko juu.
Nawajua kwa soksi zao: sindano za msonobari,
tope lililokauka likawa jepesi kama ganda la yai,
na mara moja, mfukoni mwa suruali ya mtoto,
jiwe, likaligonga pipa la mashine
ko, ko, ko,
hata msimamizi akaja kuuliza.
Mlima wenyewe niliuonea dirishani, nyuma ya mvuke.

Jumatatu moja ya Agosti, saa kumi na moja alfajiri,
Marivic akanigongea mlango. Wali baridi, samaki mkavu,
kopo la pilipili la kumpulizia dubu,
na njuga mbili.
Kwetu njuga hufungwa mguuni, ngoma ipate kuitikiwa.
Huku unambishia dubu hodi:
tunapita tu, mwenye nyumba, usinyanyuke.
Basi tukauacha mji wa Banff umelala
tukaenda tukilia chwa, chwa,
kama wachezaji waliopotea njia ya arusini.

Ziwa la kwanza lilikuwa dogo, la kijani, lenye mbu wake.
Hatukukaa.
La pili lilijaa watu na simu zao.
Bwana mmoja akauliza tumetoka wapi.
"Banff," akasema Marivic.
"Na kabla ya hapo?"
"Kitandani."

Kisha miti ikaisha.
Mimi wa Tabora sikujua kuwa miti huisha.
Inafupika kwanza, inakuwa kimo cha mtu,
cha mtoto, inapiga magoti,
inalala kifudifudi,
halafu basi.
Zikabaki kokoto: hatua mbili mbele, moja nyuma,
na goti langu la kushoto, lile la mashine namba nne,
likaanza kunisema.
Pimbi wa huku, mnene kama mto wa kulalia,
akatupigia mluzi kutoka jiweni. Sijui alishangilia au alitufukuza.

La tatu ndilo lililonichekesha.
Jeupe, zito, kama limekamuliwa asubuhi ile.
Ziwa la maziwa! nikasema kwa sauti,
na Marivic akataka kujua kinachochekesha,
nikajaribu, nikashindwa. Kichekesho kikabaki kwangu,
kikanisindikiza hadi kileleni.
"Barafu inasaga mwamba," alinieleza yeye. "Unga wake ndio huo."
Kinu kisicho na bosi,
kinasaga zamu zote tatu.

La nne sikulijulia jina la rangi.
Buluu, siyo. Samawati, bado.
Feruzi, lile neno la vitabuni,
nikaliweka ulimini, likateleza.
Mpaka nikalikumbuka beseni,
uani kwa shangazi Zuwena:
kijifundo cha bluu ya kufulia ndani ya kitambaa,
unakitikisa majini mara tatu, usizidishe,
ili shati la shule litoke jeupe kuliko lilivyonunuliwa.
Maji ni yale yale.
Na juu yake, mwambani, theluji ya mwaka jana
imeanikwa, haijakauka.

Nikavua viatu. Nilinuia kuhesabu hadi kumi.
Sita ilinitosha.
Marivic alikaa kando, mgongo kwangu.
Mtandao haukuwepo. Ndiyo siku ya kwanza
sikumwona akipiga hesabu ya saa ngapi Iloilo,
kama mtoto ameamka, kama amekula.
Alikuwa akirusha mawe tu, madogo madogo,
na kila duara alilisubiri life
ndipo arushe jingine.

Kushuka sitakusimulia. Waulize magoti.
Tulifika saa tatu usiku, mwanga bado upo,
njuga zimenyamaza mifukoni, zimebanwa na vitambaa,
hatukuwa na nguvu hata ya kumwogopa dubu.

Jumanne, zamu ya asubuhi,
nimechomeka suruali yangu kati ya taulo
bila kupekua mifuko.
Ko, ko, ko.
Msimamizi akainua kichwa.
"Ya mgeni," nikasema.