Daftari la Maji

Saa kumi na mbili asubuhi nafungua mlango
nimeshika viatu vya wadi mkononi.
Musembi ameshuka ngazi sasa hivi:
kikombe chake bado kina joto upande wa mpini.
Kabla sijavua sare, kabla sijala,
namimina kalsiamu.
Mililita kumi na mbili, pale pampu inaposukuma,
tone kwa tone, kama tunavyowanywesha watoto njiti.

Bahari yetu ni lita mia mbili na arubaini,
ghorofa ya nne, Pangani.
Maji ya bauza, tumeyachuja hadi yamesahau kisima chake
(visima vya huku vina floridi, meno ya mlinzi wetu ni shahidi),
na chumvi ya mfuko, bei ya mbuzi.
Ndani, vipande kumi na kimoja vya matumbawe,
vidogo kama kucha.
Shakombo aliyetuuzia alituonya:
Msidanganywe na rangi. Huyu ni mwashi.
Hana Jumapili. Usiku kucha anajenga,
na nyinyi ndio mtakaombebea mawe.

Basi tukawa vibarua.
Asubuhi mimi, jioni yeye na chupa ya pili,
ndugu wa magadi ya kulainishia maharagwe.
Tukauliza hii nayo ni ya nini.
Shakombo akakuna kidevu.
Hiyo, akasema, ni subira ya maji:
yatavumilia uchachu kiasi gani
kabla hayajabadilika tabia.
Lakini chupa hizi zisikutane.
Zikikutana zitamalizana zenyewe,
na mwashi atabaki na mikono mitupu.

Tukaweka saa kumi na mbili kati ya chupa na chupa.
Zilikuwepo tayari. Ndizo zilizo kati yetu,
mimi na zamu yangu ya usiku,
yeye na kiwanda chake cha mabati.

Daftari la mraba, penseli imefungwa kwa uzi:
*Jumanne. Kalsiamu 415. Subira 7.8.
Stima ilipotea, nimetumia betri ya gari.
Ugali uko kwenye sufuria.*
*Jumatano. 410. Samaki mweusi ananuna.*
*Alhamisi. 420. Nimelala upande wako.*

Kisha Madaraka ikatukuta wote nyumbani.
Yeye alimimina mapema, akazidisha, kwa furaha.
Mimi nilimimina kwa mazoea.
Hakuna aliyemwambia mwenzake.
Maji yakageuka tui.

Tukakaa sakafuni, goti kwa goti, tukitazama unga
ukitua juu ya kila kitu tulichokuwa tukikilea.
Hatukugombana.
Tulikuwa wageni kidogo, na wageni hawagombani.
Nikashika kichupa cha kupimia, yeye akahesabu.
Tone la tano tu, buluu ikawa manjano.
Tano, akarudia, kama mtu anayesoma bili ya hospitali.
Alitaka kurudisha yote siku ileile.
Nikamzuia mkono. Aliyeshinda njaa, nilimwambia,
hapewi sufuria nzima; hupewa kijiko, kisha kijiko.
Mkono wake ulinuka mafuta ya mashine.
Nilikuwa nimeisahau harufu hiyo.
Sikuuachilia haraka.

Siku tano tulipandisha subira, nusu kwa nusu.
Wawili walikufa, weupe kama chaki.
Waliobaki walifunga midomo wiki nzima,
kisha mmoja akafungua, bila sherehe.

Leo asubuhi, mwandiko wake, penseli imekandamizwa:
*Ijumaa. 425. Subira 8.1.
Yule wa kijani, wa pembeni, nimempima kwa rula yako.
Ameongeza milimita mbili.
Nilitaka kukupigia saa nane usiku,
nikakumbuka una watoto wa watu mikononi.*

Nikasoma mara mbili.
Nikamimina kalsiamu, mililita kumi na mbili, pale pampu inaposukuma.
Kisha, na sare bado mwilini,
nikaandika chini yake:
*Piga tu.*