Vipimo vya Bwana Mghendi

Kiuno kimeongezeka inchi tatu tangu astaafu.
Mabega ni yale yale, bado yanangoja saluti.
Namzungushia utepe, naandika kwa penseli
katika daftari lile lile, chini ya vipimo vyake vya zamani,
alipokuwa mkuu wa usalama, mkoa mzima mkononi,
na koti lake likitaka nafasi upande wa kushoto
kwa kitu ambacho sikuuliza ni nini.

"Safari hii usiache nafasi," asema.
"Nitilie mfuko mdogo wa kadi."
Kadi anazo tayari. Anipa moja:
Mshauri wa Usalama, ofisi Nyali, ghorofa ya pili,
juu ya duka la vigae.
Nembo ni ngao, na ndani ya ngao jicho.

Hoteli za Shanzu humlipa kwa siku
alichokuwa akipata kwa mwezi.
Kazi haikubadilika, asema akicheka,
ila sasa hatari ina risiti.
Ripoti ni moja: unageuza jina la hoteli,
unahesabu mageti upya, unaongeza mbwa.
Watu wa bima wanataka kurasa arubaini.
Wanapewa arubaini.

Nimebana pini midomoni. Naitikia kwa nyusi.

Nje, Mtaa wa Biashara, mteja anagombania bei ya doti ya leso.
Ndani, macho ya Bwana Mghendi yanafanya kazi bila malipo:
yanapanda darini, yanashuka dirishani,
yanatua nyuma, kwenye mlango wa uani.

"Fundi, mlango ule ni dhaifu.
Juu mvule, chini plaiwudi.
Komeo jipya, fremu ya zamani.
Uliwahi kuvunjiwa?"

Pini saba. Nazihesabu kwa ulimi.

Vijana wake hawakupiga hodi.
Saa tisa za usiku, mateke mawili,
wakamwinua Famau, mdogo wangu, kutoka mkekani,
papo hapo aliposimama yeye sasa na soksi zake,
mguu mmoja wa suruali nimeupinda, wa pili bado.
Asubuhi nilikwenda ofisini kwake
na shati safi la Famau, nimelipiga pasi.
Alilipokea kwa mikono miwili.
Aligeuza kola, akasifu mshono,
akauliza fundi ni nani.

Ndivyo alivyokuwa mteja wangu.

Hakumbuki. Namtazama kiooni:
ana uso wa mtu anayesaidia.
"Wewe sitakutoza," asema. "Weka chuma. Weka na kengele."

Natema pini kiganjani, nafungua daftari niandike tarehe.
Ukurasa wa kabla ya wake:
Famau, suruali ya Idi, kiuno ishirini na nane.
Hicho hakijaongezeka.

"Jumamosi," namwambia, "baada ya alasiri.
Pitia mlango wa mbele."