Kishimo cha Ugoro

Katika bonde la Baztan ukuta wa kanisa una kazi mbili:
ndani watu huomba, nje sisi huupiga mpira
kwa kiganja kitupu, mpira mgumu kama kokwa,
na padri ameshazoea mshindo katikati ya mahubiri.

Uxue alicheza mbele, mimi nyuma.
Rasharasha za kwetu, zisizonyesha wala kukoma,
zilikuwa zimelowesha sakafu siku ya nusu fainali.
Aliteleza. Akatanguliza mkono,
kama kila mtu anavyoutanguliza
tangu alipojifunza kutembea.

Daktari wa klabu alikuwa mtu mwema. Nalisema mapema
kwa sababu tumemtukana sana.
Alipiga eksirei jioni hiyohiyo, akaiinua kwenye mwanga:
mifupa myeupe, mizima kama ganda la yai.
"Umeteguka," akasema. "Wiki tatu. Barafu."
Tukashusha pumzi.

Wiki tatu zikawa tisa.
Hakuweza kufungua mtungi wa asali,
hakuweza kuzungusha ufunguo mlangoni,
mama yake akawa anamkatia nyama kama mtoto.
Daktari akabadilisha jina: sasa ni mshipa umevimba.
Kisha: sasa ni woga. Mkono umepona, kichwa bado.
Mficha maradhi, tunaambiwa, kifo humuumbua.
Huyu hakuficha. Aliyataja kila Jumatatu,
na kila Jumatatu picha ileile ya jioni ileile
ilitolewa bahashani, ikamkana.

Nami?
Nilikuwa nyuma, mahali pangu.
Nilimwambia: acha kudeka, fainali ni Mei.
Nilimfunga bendeji kwa mikono yangu hii.
Nikaivuta. Akakunja uso. Nikaivuta zaidi.

Aliyemtuma kwingine hakusomea lolote.
Ni Gaxuxa, muuza jibini:
"Kondoo wangu akichechemea miezi miwili
namwita daktari wa pili.
Kama wewe unamzidi kondoo thamani, sijui.
Lakini uliza."

Uxue alisita. Kwenda kwa mwingine
ni kama kumsengenya wa kwanza,
aliyekushona goti ukiwa na miaka sita
akakupa peremende.
Alipanda basi la alfajiri kwenda Iruña
kofia imemshuka hadi kwenye nyusi, kama mwizi.

Daktari wa Iruña, mwanamke mfupi mwenye mafua,
hakuomba picha. Aliomba mkono.
Akamwambia: nyoosha gumba.
Na pale panapozama, chini ya gumba,
kwenye kishimo ambamo wazee walimimina ugoro
kabla ya kuuvuta puani,
akabonyeza kwa ncha ya kidole. Basi.
Uxue alipiga yowe hadi mtu wa mapokezi akasimama.

Kuna mfupa pale, wenye umbo la korosho.
Ukipasuka hujificha; siku ya kwanza
picha inaweza kuupita kama jirani asiyesalimia.
Na damu yake huingilia mlango wa nyuma,
hivyo ufa ukikaa, nusu moja hufa njaa polepole,
huku sisi tunahesabu: wiki tatu, barafu.

Walimchimba kipande cha nyonga, wakaziba,
wakakaza skrubu ndogo kuliko punje ya mchele.
Mei ikapita. Mei nyingine nayo.
Gumba halikunjiki mpaka mwisho.

Yule wa klabu alikuja nyumbani na keki,
akakaa ukingoni mwa kiti.
Uxue aliuchukua mkono wake, mkono wa daktari,
akautafuta ule mzamo, akabonyeza.
"Hapa," akasema. "Ungebonyeza hapa."
Kisha akakata keki, kwa mkono wa kushoto.

Sasa hukaa kwenye benchi la mawe.
Mtoto akianguka, yeye humfikia kabla ya kocha,
humshika mkono, humnyoosha gumba.
Akicheka, arudi ukutani.
Akikunja uso, Uxue huuliza basi linaondoka saa ngapi.

Ile bendeji iko kwenye droo yangu.
Siwezi kumfunga mtu nayo.
Wala kuitupa.