Pengo la Bwana Afya

Tulimwita Bwana Afya
kwa kuwa hakuna sufuria hapa Mabela
aliyoiacha bila kuikagua:
miguu ya mbele ukingoni, masharubu yametangulia,
kisha anatutazama kama anayeandika faini.

Mwezi wa nane, nje kivuli chenyewe kinaunguza,
akaanza kuikimbia sahani yake.
Anaijia mbio, anang'ata mara moja,
anapiga ukelele, anaruka kinyumenyume
kama kwamba samaki ndiye aliyemng'ata.
Udenda uzi kwa uzi, una damu,
juu ya kofia ninayodarizi, kofia ya watu.
Na harufu! Nikapekua jokofu zima
kumtafuta papa aliyeoza,
kumbe papa amelala mapajani mwangu.

Kinywa jumba la maneno, tulifunzwa.
Jumba hili lilikuwa linaungua
na mwenyewe hana neno la kuitia watu.
Alikuwa na mkono mmoja wa kujipangusa shavu,
manyoya aliyoacha kuyaosha,
mbavu za kuhesabika kama tasbihi.

Nikatoa kichupa. Mafuta ya karafuu.
Mama alikuja nacho kutoka Pemba, kati ya nguo;
kwetu halijawahi kuuma jino
likaishinda karafuu.
Nikachovya pamba. Akageuza uso, akanikwaruza.
Miaka sita, hajapata kunikwaruza.

"Ashukuriwe aliyemgeuza," alisema Daktari Sindhu
kule Al Khoudh, kwa Kiarabu chake cha Kerala.
"Karafuu kwa paka ni sumu. Ini lake haliiwezi."
Nikakifunga kichupa ndani ya leso
nikaona haya, kama niliyesikia
aibu ya mtu wa nyumbani.

Akampima damu: ukimwi wa paka, hana.
Akamlaza kwa sindano, akafungua taya,
akawasha taa, akaniita.
Sikutaka. Nikaona.
Si ufizi peke yake: kule nyuma, pembeni mwa koo,
nyama imefura, imechanika,
komamanga la Jebel Akhdar lililopasukia juani.
Akakata kipande kidogo kipimwe, isije ikawa saratani.
Haikuwa.
Na kwenye picha ya eksirei, mizizi imeliwa.

"Mwili wake umegombana na meno yake," alisema.
"Uchafu kidogo ukiganda kwenye jino moja,
askari wake wanachoma mtaa mzima."
Na sindano za kupunguza uvimbe?
"Zitaondoa moshi."
Basi?
"Tuyang'oe. Ya nyuma yote, mpaka mizizi. Pengine na ya mbele."

Mwanangu Azzan, kwa simu kutoka Sohar:
Riyali mia mbili na themanini, mama?
Paka wa jalalani?
Nikamwambia, wewe gego moja tu lilipong'olewa
ulilia siku tatu na nikakupondea ndizi.
Akanyamaza. Asubuhi akatuma mia.

Jino la pembe si dawa ya pengo.
Najua; haya yangu ya plastiki
yana mwaka wa saba bilaurini.
Lakini wahenga hawakufika Al Khoudh
wakaona pengo ambalo ndilo dawa.

Alirudi na uso mdogo,
kofia iliyofuliwa, haijatiwa wanga.
Dawa ya maumivu kwa sirinji, asubuhi na usiku.
Jodari nimempondaponda kwa maji vuguvugu.
Siku ya kwanza, hakuna.
Ya tatu, akalamba kidole changu, akaondoka.
Ya tisa, sahani ilikuwa safi na sikumwona aliyeisafisha.

Daktari hakuniahidi. Wengine hupona kabisa,
wengine nusu, wengine hubaki na dawa maisha.
Wiki ya sita upande wa kushoto bado mwekundu,
na mimi bado sijakitupa kile kichupa.
Kiko juu ya kabati, nimekifunga fundo mbili.

Jana usiku nilivua meno, nikayatia bilaurini,
nikachovya mkate kwenye chai.
Akapanda mezani. Miguu ya mbele ukingoni mwa bilauri,
akayakagua meno yangu, moja moja.
Kisha akapiga mwayo,
mpana, mtupu, wa waridi,
bila ukelele.

Nikakaa kungoja faini.